Kobe Nyuma ya Pazia

Nalala. Sijapanga kulala, maana mwenye kunde za kuchambua hana ruhusa hiyo, lakini ni baada ya adhuhuri, chungu cha kumi na saba cha Ramadhani, siku kumi na tatu tu zimebaki tufike Idi, bati la kibaraza linapumua moto na mkeka uko palepale. Nasema nitaweka ubavu tu, na ubavu unakiita kichwa. Hasira ya asubuhi bado inanichemka. Asubuhi nimemkuta mama yangu, Bi Hadia, nyuma ya pazia la chumba chake, amekunja magoti, bakuli la uji mdomoni, anakula mchana wa Ramadhani. Ndiyo, ana sukari. Ndiyo, daktari amemkataza kufunga, na shehe wetu naye akasema mgonjwa ana ruhusa yake. Yote nayajua. Na nilijua kwamba ameshajichoma sindano yake ya sukari, na akishajichoma lazima ale, la sivyo sukari inamshuka. Lakini mimi Shemsa, ninayefunga Jumatatu na Alhamisi na sita za Shawali juu yake, nyumba yangu inuke uji saa nne asubuhi, na Mama Zaituni wa nyumba ya pili amesimama mlangoni anaazima mbuzi ya nazi? Nikalivuta pazia lote. Njoo umwone kobe, Mama Zaituni, nikasema, kobe huyu hapa kaficha kichwa. Ndilo jina letu la mtu anayekula mchana kwa kujificha. Mama Zaituni akacheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. Aliweka bakuli chini, akapangusa midomo kwa ncha ya kanga, akasema, basi mwanangu, nimeacha. Nikaubeba ule uji nikaumwaga jalalani, na nikajiona nimeitetea dini.

Sasa kibaraza hakina ukuta. Mkeka unaendelea, unaendelea, unakuwa barabara, na mimi niko juu yake pekupeku, mkononi nina bakuli la mama, tupu, na bado lina joto. Watu wengi wanatembea upande mmoja, midomo imewakauka, hakuna anayemsalimia mwenzake. Mbali huko muadhini anaanza adhana ya magharibi, nami moyo unanifunguka, lakini neno la kwanza analivuta, analivuta, halimalizi, na jua limegoma kuzama. Pembeni yangu anatembea mtu mwenye kanzu, na nikimtazama naona hana uso, mahali pa uso pamekuwa laini kama sahani iliyooshwa. Namuuliza, tutafuturu saa ngapi? Ananijibu, chakula gani hakipikwi, hakiungwi, na anayekila hanawi mikono? Namwambia mimi nimefunga, asinisumbue kwa habari za chakula. Anasema, ndiyo maana nakuuliza wewe. Nazidisha mwendo ili nimwache, na kila nikizidisha namkuta yuko mbele, ananingoja.

Barabara inaingia mji. Ni mtaa wetu, kisha ni mtaa wetu tena, nyumba yangu kulia na nyumba yangu kushoto, na kila mlango una pazia la mama, lile la maua ya zambarau lililochanika pembeni. Navuta moja, namkuta Shemsa anacheka. Navuta la pili, Shemsa ananong'ona juu ya binamu yetu aliyeachika. Navuta la tatu, la nne, na kila mahali ni mimi, na kila mimi ana shavu limevimba, anatafuna. Mchana huu, namwambia mmoja, hata aibu huna? Anajibu huku mate yakimtoka, nimefunga kama wewe. Namchukia. Nataka nimpige lakini mkono wangu unapigwa na mkono wangu. Mtu asiye na uso anasimama nyuma yetu sote.

Mji unakunjwa, na mbele liko lango. Ndani nasikia maji yanamiminwa, nasikia watu wanakunywa na kusema alhamdulillahi. Mlangoni wamesimama wawili, nao hawana nyuso, na kila anayefika wanamwinamia kinywani wananusa. Huyu apite. Huyu arudi. Najipanga mbele kwa kiburi, maana tumefundishwa kwamba harufu ya kinywa cha mfungaji Mungu anaipenda kuliko miski, na tangu daku sijagusa hata tone. Wananusa. Wanarudi nyuma wote wawili. Huyu ametoka kula nyama, wanasema, na nyama yenyewe ni ya watu aliowasengenya. Napiga kelele kwamba ni uongo, nipimeni tena, na hapo nausikia ulimi wangu unagusa kitu katikati ya meno, kitu chenye nyuzi. Wakati huohuo mzee wa umbo dogo ananipita ubavuni, kanga begani, anatembea kwa hatua zake za kuchechemea. Ni mama. Hawamnusi hata kidogo. Wanamfungulia.

Akiingia anatoka saa ngapi? namuuliza yule wa kanzu. Anasema, umewahi kuona futari ikirudi jikoni? Ndipo ninapoelewa lango lile ni la kuingia tu. Nafungua kinywa nimwite, mama, rudi, rudi ule, na kinachotoka ni neno kobe. Anageuka. Nasema tena, mama yangu, nisamehe, na kinatoka kobe, kobe, kwa sauti ile ile ya asubuhi, na nyuma yangu mji mzima wa Shemsa unacheka na kushika kuta. Mama anasema, basi mwanangu, nimeacha. Mguu mmoja umeshavuka. Natia vidole kinywani nauvuta ule uzi katikati ya meno, unatoka, unatoka, haukatiki, ni uzi wa rangi ya zambarau, nami navuta na kutapika na kuvuta.

Naamka nimeanguka nje ya mkeka, kunde zimemwagika. Sisubiri kuziokota. Nakimbilia chumbani, nalikamata pazia kwa mikono miwili na kulichana mpaka kamba inakatika, na mama amelala ubavu, kanga imelowa jasho, mikono inamtetemeka, macho yananitazama bila kunijua. Nakoroga sukari kwenye bakuli la maji, nusu naimwaga, nampelekea mdomoni. Anafumba midomo. Nimefunga, anasema kwa sauti ndogo, watu watasemaje. Nalia mbele yake kama mtoto. Nasema, kunywa mama, hukukosea wewe, nimekosea mimi, ruhusa amekupa Mungu na mimi nimekunyang'anya. Mlangoni Mama Zaituni amekuja kurudisha mbuzi. Anasema, he, Shemsa, mchana huu, na pazia wazi? Namjibu, mchana huu huu, na ukitaka kucheka anza na mimi. Hacheki. Anaiweka mbuzi chini taratibu, anaingia, anamwinua mama mabega.

Mama anakunywa. Funda la kwanza linamtoka pembeni, la pili linashuka, la tatu anashika bakuli yeye mwenyewe. Mtetemeko unapungua. Naweka kichwa changu karibu na chake nimbusu paji la uso, naye ananitazama, sasa ananijua, kisha anakunja pua.

Shemsa, anasema, mbona kinywa chako kinanuka nyama?

Ulimi wangu unakwenda wenyewe katikati ya meno. Nje muadhini anaanza, alasiri au magharibi sijui, neno la kwanza analivuta kama kule ndotoni, na mimi nimeshika bakuli lenye joto, nangoja alimalize.