Moja Kumi na Moja

Lori lilikuwa linanguruma tayari Mwalimu Tharsisi alipoinama kutoka juu na kunipa madaftari yake manne ya hesabu, yamefungwa kwa uzi wa katani.

"Usiruke hata namba moja, Rosa," alisema.

Ilikuwa Desemba 2012, kambi ya wakimbizi ya Mtabila inafungwa. Yeye, mkewe Esteri na watoto wao wawili walikuwa wanarudishwa Burundi. Mimi na Mama tuliruhusiwa kubaki, tukahamishiwa kambi ya Nyarugusu.

Shule za kambini zilikuwa zimefungwa miaka mitatu nyuma, nikiwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu alitukusanya nyuma ya nyumba yake, hana chaki wala kitabu, akaandika mavumbini kwa kijiti namba moja tu: moja kumi na moja zilizopangwa mstari mmoja, 11,111,111,111. Akauliza kama ipo namba, mbali na moja na yenyewe, inayoigawa bila kuacha baki. Mbili haiwezi, maana ni witiri. Tatu haiwezi, ukijumlisha tarakimu zake unapata kumi na moja. Tano nayo haiwezi. Baada ya hapo hatukujua njia ya mkato. Tuligawanya kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, namba tasa moja baada ya nyingine. Yeye mwenyewe aliamini haigawanyiki. Wenzangu waliacha mmoja mmoja. Mimi niliendelea, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa anangoja jibu lolote kutoka kwangu.

Nyarugusu niligawanya kila asubuhi baada ya kuteka maji, namba mbili tatu kwa siku. Mama aliniuliza kama kwa hesabu hizo tutapewa sabuni.

Agosti 2014 nilifika 21,649. Baki ikawa sifuri. Nikarudia mara tatu. Nikazidisha, 21,649 kwa 513,239, na moja zote kumi na moja zikajipanga, zimenyooka. Nikakosa wa kumwonyesha.

Mei 2015 Warundi wakaanza kumiminika tena, wakikimbia machafuko kwao. Kila siku nilikwenda wanakopokelewa. Siku ya tisa nikamwona Esteri, amekonda, na Mwalimu ameketi mkekani kando yake, mguu umefungwa kitenge. Watoto wao, Esteri aliniambia kwa sauti ya chini, hawakuvuka mpaka.

Nikampa Mwalimu daftari lenye jibu. Akausoma ukurasa taratibu, kidole kikifuata kila mstari, akitafuta kosa. Hakulipata.

"Imegawanyika," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa utafanya nini, mwanangu?"

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nikamwambia sijui.

Akausogeza mguu wake kwa mikono miwili, akanipa nafasi mkekani. Tukakaa tukisikiliza majina ya wanaopewa mahema yakisomwa, mpaka msomaji akakunja karatasi zake na kuondoka bila kulitaja la Mwalimu.