Koili Yenye Kiuno Wazi

"Mama, usiiguse! Nimeipigia hesabu kwenye kompyuta siku tatu!"

"Kompyuta ina kidole? Mimi ninacho, na kimeungua."

Nilikuwa nimezima umeme na kubana kwa dole gumba koili ya binti yangu Bo-gyeong, waya uliosukwa kuzunguka chuma ndani ya kigeuza umeme chetu. Juu vuguvugu, chini vuguvugu, katikati moto kama sufuria.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa tano Meneja Heo angekuja kutoka soko la samaki la Masan. Foklifti zake, magari ya kunyanyulia mizigo, zinatumia haidrojeni, na kigeuza umeme chetu kilitakiwa kupitisha asilimia tisini na saba ya umeme bila kuupoteza, ili mtungi mmoja umalize zamu. Chetu kilipitisha tisini na sita nukta moja. Kikishindwa, angechukua cha karakana nyingine, na kazi ya kwanza ya Bo-gyeong ingeishia kabatini.

"Chuma cha ndani kina pengo katikati," nilisema. "Sumaku inafurika pale na kuchoma waya ulio karibu. Miaka ishirini na miwili nasuka koili za mashine za kuchomelea. Pale pengoni siwekagi waya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nisiguse mchoro. Mwenye shahada mbili ni wewe."

Alinuna, halafu akaishika koili mwenyewe. Akaachia upesi.

"Aigo!"

"Naam."

"Lakini ile mizunguko minne ya katikati tutaiweka wapi?"

"Itapanda juu ya mingine."

"Koili itanenepa! Kifuniko hakitafunga, na kule sokoni wanamwaga maji kutwa!"

Hapo alisema kweli. Nikatazama huku na huku. Nje ya mlango ilisimama friji yetu ya kimchi, kabichi ya kuchachusha, iliyokufa tangu majira ya baridi.

"Ule mpira wa mlango wake una unene gani?"

Bo-gyeong alinitazama, akaanza kucheka, akachukua kisu. Alirudi na mpira mzima shingoni kama mkufu. Mimi nilikuwa nimeshafumua koili nusu. Nilisuka, yeye akihesabu mizunguko kwa sauti, kiuno cha katikati kikabaki wazi. Tukauzungusha mpira ukingoni mwa kasha; kifuniko kikainuka kuipa koili nafasi, kikakaa juu ya mpira kana kwamba vilizaliwa pamoja.

Tukawasha. Baada ya nusu saa: tisini na saba nukta tatu. Binti yangu, mtu wa miaka ishirini na saba, aliruka hadi akaangusha kiti.

Meneja Heo alifika, akasoma namba, akainama, akanusa.

"Mama Bo-gyeong, mbona kinanukia kimchi?"

"Harufu ni bure, Meneja."

Alikimwagia ndoo nzima ya maji, akafungua kifuniko, akapitisha kidole ndani. Pakavu. Akatoa simu palepale, akaipigia ile karakana nyingine.

"Msije," alisema, akakata, akakibeba kigeuza umeme mwenyewe hadi garini.