Kanda ya Baba Kwenye Spika za Pijo

Kaka yangu Gelasius alifika Kibaoni siku ya kuanua tanga, si siku ya kuzika. Alikuja na gari lake, Pijo nyeupe, redio yake ndani kama ilivyotoka kiwandani, na Mbaruku, fundi redio wa Mpanda mjini, akiwa ndiye dereva wake. Akashuka, akavua miwani, akalia kwa sauti ya kutaka asikiwe. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakamwonea huruma. Mimi nilisonya.

Baba yetu, mzee Bartolomeo, alifia mikononi mwangu. Tangu nilipomkimbia mume wangu wa Majimoto na kipigo chake, mimi ndiye niliyemwogesha baba, nikamgeuza kitandani, nikalima shamba la mpunga la bondeni lililotulisha wote wawili. Nilikuwa nagomba, sikatai. Mtu ukiamka usiku kucha kubadilisha shuka utaimba? Lakini nilibadilisha. Gelasius alikuwa mjini na biashara yake ya mahindi. Baba akimwita aje, anatuma salamu. Mwisho akatuma redio kaseti ya kubeba mkononi na kanda moja, eti mzee aseme shida zake humo, yeye atasikiliza akipata nafasi. Jamani! Mtu na baba yake mzazi!

Siku ile ukoo ulikuwa umekaa kumtaja mrithi wa shamba. Kwa kawaida yetu angekuwa mtoto wa kiume, basi. Ila baba mdogo Eustace, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameniambia chini kwa chini kwamba kama lipo neno la marehemu mwenyewe, hilo ndilo litakalofuatwa. Na mimi bila shamba lile nilikuwa sina pa kwenda ila Majimoto, kwenye fimbo.

Gelasius akasimama. "Wazee wangu, neno la baba ninalo. Alinitumia mimi, mwanawe."

Akatoa mfukoni kifurushi. Mwee, nilitaka kucheka msibani! Kilikuwa kile kile kitambaa nilichokishona kwa mkono wangu kuzungushia kanda kabla ya kumkabidhi dereva wa lori. Uzi haujakatwa hata mmoja. Hakuwahi kuisikiliza! Alikuwa anabahatisha tu, akijua baba hawezi kumsema vibaya dume lake.

Mimi nilijua kilichomo. Siku baba aliposema maneno yale nilikaa naye kitandani nikimshikia mashine karibu na mdomo. Alimsema Gelasius vibaya mno. Alipomaliza nilimwonyesha kitufe cha kuzimia, nikaenda zangu bondeni kuamia ndege.

Nikaingia ndani kuileta ile redio kaseti. Mbaruku akatia betri mpya, lakini spika yake ilikuwa imeharibika, inakoroma, maneno anayapata aliyeitegea sikio tu.

"Basi baba mdogo aiweke sikioni, atusimulie," Gelasius akasema.

"Asimulie nini?" nikaruka. "Gari lina spika, fundi tunaye. Unga huko, watu wote wasikie! Au unaogopa, kaka?"

Watu wakaguna. Gelasius akacheka, akamwamuru Mbaruku aunge. Mbaruku akalala chali chini ya dashibodi, akachomoa nyaya za spika nyuma ya redio ya gari, akaziunga na waya mwingine wenye pini ndogo. Ile pini akaichomeka kwenye tundu la kusikilizia la redio kaseti. Milango ya gari ikafunguliwa yote. Shida ikawa moja, pini ilikuwa inacheza. Usipoikandamiza upande kwa kidole, sauti inakatika.

"Nishikie hapa, dada," Mbaruku akasema.

Nikakaa kiti cha mbele, mashine mapajani, nikaikandamiza. Nilikuwa na furaha, nawaambia ukweli.

Baba akasema. Yesu na Maria, sauti ile ilivyojaa uani! Wanawake wengine wakapiga kelele.

"Gelasius. Nimekuita, hukuja. Nimeomba dawa, umeniletea mashine. Nitakufa hujanipa hata maji. Romana ndiye ananibeba, na shamba ni lake."

Gelasius akabadilika rangi. Wazee wakaanza kumtazama. Akaja mbio mlangoni. "Zima, inatosha, wamesikia."

"Haitoshi!" nikamkemea. "Ni baba anasema! Baba mdogo, si tusikilize mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," baba mdogo Eustace akasema. "Gelasius, kaa chini."

Akakaa, uso kausitiri kwa kiganja. Nikajiona nimeshinda. Nikajiona nalala kwangu.

Kwenye kanda nikasikia sauti yangu mwenyewe ikigomba: "Umemaliza? Haya, bonyeza hapa, mimi naenda." Mlango ukalia. Kimya. Nikangoja mlio wa kuzimwa.

Haukulia. Baba akakohoa.

"Ameondoka," akasema, taratibu. "Sasa naweza kusema, mwanangu. Yale nimeyasema kwa sababu alikuwa amenikalia hapa. Huyu ananilisha kama anayemlisha mbwa wa jirani. Kila kijiko na tusi lake. Anangoja nife achukue shamba."

Kidole chenyewe kiliachia. Sauti ikakatika.

"Mbona umeachia?" mtu akauliza.

"Mashine imeharibika," nikasema.

"Shika, Romana," baba mdogo akasema. Hakupaza sauti. "Wewe ndiye uliyetaka mpaka mwisho."

Uani kote macho yalikuwa kwangu. Ningekataa wangesema ni kweli. Nikaikandamiza tena pini, na baba akaendelea, kwa nguvu za kidole changu.

"Shamba la bondeni ni lako, Gelasius. Wewe una kazi nyingi, najua, sikulaumu. Huyu mume amemshinda, arudi kwa mumewe akapigwe kidogo, atapata adabu. Usimwachie hata jaruba moja. Nakubariki, mwanangu."

Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani, pole pole, mpaka kanda ikaisha. Kwangu hakuwahi kuimba. Nilimgeuza kitandani mwaka mzima, mgongo ukaniuma mpaka leo, na hata mluzi hakunipigia.

Baba mdogo Eustace akasafisha koo. Neno la marehemu limesikika, akasema, na shamba ni la Gelasius. Mimi nikavune kilichobaki, halafu wanisindikize Majimoto. Hakuna aliyepinga. Hata wale wanawake waliokuwa wananiita malaika wa mzee waliangalia nyungo zao.

Nilimchukia baba pale pale, kaburi lake bado bichi, na siombi msamaha.

Gelasius akaja akainama dirishani. Machozi yake safari hii yalikuwa ya kweli. "Umesikia alivyonipenda?" akaniuliza. Mshenzi, alikuwa hanikejeli hata kidogo. Alitaka kweli nimjibu.

Wazee wakanawa mikono. Nikatoka garini nikaenda jikoni, kwa sababu wali ulikuwa tayari na mpishi ni mimi. Ulikuwa mchele wa bondeni. Nikampakulia kaka yangu kwanza, kama inavyotakiwa, na alipokula akasema mchele wa kwetu hauna mfano, akaomba aongezwe.