Darasa Lililokataa Kusema Ndiyo

Kwao walimwita Mwalimu Geuza, kwa jinsi alivyofundisha kugawanya sehemu: "Ya pili geuza, kisha zidisha!" Na kila kipindi alikifunga kwa swali moja: "Tumeelewana?" Darasa zima likaitika kama kwaya: "Ndiyooo!" Aliyeelewa aliitika, asiyeelewa aliitika kwa sauti zaidi. Mwalimu akafuta ubao, akaenda kunywa chai yake kwa amani.

Huku ugenini, alikokuja kufundisha kwa mkataba, siku ya kwanza tu aliuliza: "Tumeelewana?"

"Hapana," wakajibu watoto, bila chuki wala haya, kama watu walioulizwa iwapo nje kuna mvua.

Akarudia somo. "Tumeelewana?" "Hapana." Wiki zikapita, darasa limekwama pale pale. Mkuu wa shule, mama mpole asiyepandisha sauti, alikwishamwambia: mkaguzi atakuja Ijumaa. Akiridhika, mkataba utaendelea. Asiporidhika, mwalimu afungashe virago.

Alimpigia simu dada yake mkubwa, naye mwalimu.

"Wanasema hapana? Mbele yako?"

"Mbele yangu, dada. Na macho wamenikazia."

"Na fimbo?"

"Dada! Huku hata kukunja uso ni kesi."

"Basi piga magoti, mdogo wangu. Hilo ni la Mungu."

Akapiga magoti kweli. "Bwana, wewe uliyegawanya bahari, nisaidie kugawanya nusu kwa robo."

Ijumaa mkaguzi akaketi nyuma, magoti yamemfika kidevuni kwa udogo wa kiti. Mwalimu akaandika ubaoni: nusu gawanya kwa robo. "Ya pili geuza, kisha zidisha. Jibu, mbili. Tumeelewana?"

"Hapana," alisema binti wa dawati la mbele, ambaye mwalimu alikwishambatiza kimoyomoyo jina la Kwanini. "Kwa nini tunageuza?"

Mwalimu akageukia ubao. Yeye aligeuza, mwalimu wake aligeuza, na mwalimu wa mwalimu wake aligeuza. Hakuna aliyewahi kuuliza. Ee Bwana, aliwaza, mbona hili sikuliomba?

"Sijui," alisema.

Mkaguzi akainua kichwa.

"Lakini tutafute." Akanyakua karatasi iliyokuwa mezani, akaipasua katikati. "Hii nusu. Ina robo ngapi?"

Kwanini akaipokea, akaipasua tena. "Mbili!"

"Na karatasi nzima?"

"Nne! Kwa hiyo nusu inapata nusu ya nne! Ndiyo maana robo inageuka nne!"

"Kumbe ndiyo maana!" alipaza sauti mwalimu, akapiga makofi kuliko watoto wote. Kila mmoja sasa alitaka kipande chake cha kupasua.

Kengele ilipolia, mkaguzi alijinasua kitini kwa taabu, akaja mbele. "Andalio lako la somo liko wapi?"

Mwalimu akatazama mezani, kisha mikononi mwa watoto.

"Wanalo hao, mzee. Robo robo."

Mkaguzi alivitazama vipande vile. "Nikija tena, uandae nakala mbili. Moja ya kupasua."

"Ukija tena? Utanikuta hapa hapa?"

"Kwani una safari?"

"Sina, mzee," mwalimu alijibu upesi. "Sina safari kabisa."