Nilimtakia Heri Ragna

Nasema wazi: nilikuwa na wivu, tena wivu wa kuchoma. Miaka ishirini na mbili nimekaa na mume wangu Eldar hapa kwenye fiodi, mkono wa bahari kati ya milima, wala hajawahi kunishika mkono anifundishe kuvua kwa kayaki, kimtumbwi kile chembamba cha mtu mmoja. Kaja Ragna, mjane wa nyumba ya manjano, kasema tu anatamani kujifunza, basi bwana yule kila Jumamosi yumo majini naye!

Siku hiyo ya Mei nilisimama gatini nikiwatazama. Eldar alimkagua kama mtoto wa chekechea: jaketi la kuokolea limefungwa, suti ya kuzuia maji zipu hadi shingoni, kisu kifuani, kafi lina kamba yake.

"Vaa kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya jua," akamwambia. "Jua la Mei linadanganya. Haya, ukipinduka?"

"Siachii kayaki. Naigeuza, najitupa kifudifudi juu yake, halafu ndipo naketi," Ragna akajibu huku anachekacheka. "Umenipindua mara kumi na moja, mwalimu, nitasahauje?"

Mwalimu! Kumi na moja! Roho ikaniuma.

Sasa, huku kwetu humtakii mvuvi heri hata siku moja. Unamwambia "uvuvi mchafu," naye anaondoka bila kusema asante. Ukimtakia heri umemletea mkosi, na hakuna asiyejua hilo. Nikasogea ukingoni, nikatabasamu meno yote nje.

"Ragna, shoga yangu, nakutakia heri tele!"

Tabasamu likamwisha usoni. Eldar akanikazia macho. "Borghild, umepatwa na nini?"

"Kwani nimetukana?"

Wakaenda zao. Nikawaona wametulia karibu na mwamba, vichwa pamoja, wanahangaika na ndoano moja. Ndoano moja, watu wawili! Nikashindwa kuvumilia. Nikaburuta kayaki kuukuu ya shemeji, nikaingia na sweta langu la sufu. Jaketi nililivaa, ila sikulifunga. Jua lilikuwa linawaka, bwana.

Nilipokaribia, Eldar alikuwa ameshapiga kafi hadi ng'ambo ya mwamba; nikajipinda nimwone Ragna vizuri. Kayaki ikapinduka.

Maji yale hayana utani. Kifua kilibana, pumzi ikakataa kuingia, jaketi likanipanda masikioni na sweta likanivuta chini. Nikamsikia mume wangu akipiga kelele. Hakuita Borghild. Aliita, "Ragna! Ragna!"

Nikawaza, ninakufa, na jina lililomo mdomoni mwake ni la yule.

Mkono ukanidaka kwapani. Alikuwa Ragna.

"Shika kayaki yangu, dada! Usiachie! Pumua taratibu, hivyo hivyo!"

Akanishikilia hadi Eldar akafika. Wakanivuta wote wawili juu ya kayaki ya Ragna, nikalala kifudifudi pale, natapika maji ya chumvi.

Nyumbani, nikiwa ndani ya mablanketi matatu na kikombe cha supu ya samaki, meno bado yakigongana, nikamwambia Eldar, "Ulimwita yeye."

"Alikuwa karibu yako, mimi nilikuwa mbali. Na nilijua anajua la kufanya."

"Na mimi je? Miaka ishirini na mbili, Eldar!"

Akaendelea kunisugua miguu. "Mwaka ule tumeoana ulisema maji yanakutisha. Sikukuuliza tena."

"Ungeuliza."

"Ndiyo," akasema. "Ningeuliza."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa gatini, zipu hadi shingoni. Bega la Eldar lilikuwa limevimba kwa kunivuta, kwa hiyo aliyekuwa majini akinisubiri anipindue ni Ragna. Wivu ulikuwa bado upo, sidanganyi. Eldar akapiga goti, akanifunga jaketi vifungo vyote, akarudia kuvikagua.

"Uvuvi mchafu, Borghild," akasema.

Nikashuka majini bila kusema asante.