Skrini Iliyozimika Siku ya Kuombea Vyombo

Poongodi alibakiwa na dakika kumi. Saa kumi na moja jioni maombi ya mtandaoni ya kujiunga na chuo cha uuguzi yangefungwa, na mwakani umri wake ungekuwa umepita. Si uzembe wake. Cheti kimoja kilitoka jana tu.

Bahati mbaya ilikuwa Ayudha Puja, siku ambayo mji mzima hupumzisha vyombo vya kazi na kuviombea. Chellamuthu, mwenye duka la kompyuta, alikuwa keshaipaka kibodi na printa msandali na kumkum, ule unga mwekundu wa ibada. Alimruhusu msichana shingo upande, akasimama nyuma yake na bakuli la maji ya manjano.

"Haraka, binti. Mungu hapangi foleni."

"Namalizia, Annachi," alisema, akimwita kaka mkubwa kwa heshima.

Wapi! Subira hana mtu yule, na mkono wake haujui kipimo. Alinyunyiza, maji yakaingia ndani ya skrini, ikalia tss, ikawa nyeusi.

"Imekufa!" Chellamuthu akagonga kibodi ovyo, kisha akauendea waya mkuu wa umeme. "Niizime kabla haijatuua."

Poongodi alimshika mkono, mwanamume wa rika la baba yake. Hofu haikumwachia nafasi ya adabu.

"Usiguse! Chomoa waya wa skrini peke yake. Skrini kazi yake kutoa picha tu. Kompyuta bado inapokea kutoka kwenye kibodi, na upuuzi uliogonga wote imeuandika!"

"Inapokeaje, na imezimika?"

"Kwani wewe ukizibwa mdomo unakuwa kiziwi?"

Kipanya hakikufaa, maana mshale hauonekani. Poongodi akaiamuru printa kwa vitufe ichape ukurasa. Printa ikakoroma, ikatoa fomu: baada ya jina la wilaya zimejipanga herufi saba za ajabu. Akafuta saba, akihesabu kwa sauti. Akachapa tena. Safi.

Sasa kutuma. Akapitisha kidole kwenye karatasi: kutoka wilaya, namba ya simu, halafu Futa Yote, halafu Tuma. Miruko mitatu ya kitufe cha Tab. Akiruka miwili tu, kila kitu kimekwenda. Moja. Mbili. Kidole kilimkauka hewani. Je, mruko wa pili ulikubali? Akabonyeza mara ya tatu, kisha Ingiza, kisha akaamuru kuchapa.

Kimya. Saa ya ukutani ikapita kumi na moja, ikapita kwa dakika moja, kwa mbili.

"Imegoma?" Chellamuthu aliuliza kwa sauti ndogo.

Poongodi aliikodolea macho printa. Alikuwa na hakika amejifuta mwenyewe.

Printa ikakohoa. Karatasi ilitoka polepole, na Poongodi aliogopa kuitazama, akaisoma kuanzia chini kwenda juu. *Imepokelewa, saa kumi na dakika hamsini na tisa.* Juu yake, jina lake, herufi zote.

Akakaa sakafuni akalia kwa sauti, wala hakujali nani anamwona.