Nukta Aliamka Saa Ngapi

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka kwa uvivu, yakalowesha nguo bila kutuliza vumbi. Ndani ya stoo, katikati ya ndoo na madekio, mfagiaji wa shule alikuwa amepiga magoti akimwomba Mungu jambo moja tu: ashike chaki.

Watoto walimwita Mama Fagio. Kwa miaka minne alikuwa akifagia mchana na kusoma jioni, dawati moja na vijana wa umri wa wanawe. Sasa msaidizi wa hesabu wa darasa la tatu alikuwa ameondoka, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia, "Fundisha kipindi kimoja mbele ya mkaguzi. Akiridhika, nafasi ni yako. Asiporidhika, fagio unajua lilipo."

Aliingia darasani, mkaguzi na mwalimu mkuu wakiwa wamekaa nyuma, na kadi nne alizozikata kwenye boksi la sabuni. Kila moja ilijaa namba: ya kwanza ilianza kwa moja, ya pili kwa mbili, ya tatu kwa nne na ya mwisho kwa nane.

"Leo nafanya mazingaombwe. Fikiri namba kati ya moja na kumi na tano, usiitaje. Niambie tu iko kwenye kadi zipi."

"Ya kwanza na ya mwisho," alisema mvulana mmoja mwenye mdomo kama redio.

"Tisa."

"Haa! Mama Fagio mchawi!"

"Mchawi haonyeshi njia yake. Mimi naionyesha." Akawafunulia kwamba alijumlisha tu namba za mwanzo za kadi hizo, moja na nane. Kisha akaandika ubaoni, kuanzia kadi inayoanza kwa nane kushuka: kadi yenye namba yako ni moja, isiyo nayo ni sifuri. Tisa ikawa 1001. "Hata kompyuta haijui zaidi ya ndiyo na hapana. Kwa hayo mawili inahesabu kila kitu."

Mkaguzi aliacha kuchezea kalamu. Mwalimu mkuu alitabasamu. Hapo ndipo Mama Fagio angemshukuru Mungu na kufunga kipindi. Lakini ngoma ikilia sana hupasuka, naye akataka kuzidisha.

"Nani atanijaribu kwa saa? Kumbuka saa uliyoamka leo, utafute namba yake."

Akasimama Nukta, msichana wa dirishani, aliyepewa jina hilo kwa udogo wa umbo. Aliitazama saa ya ukutani, akafikiri, akagusa kadi inayoanza kwa mbili na inayoanza kwa nne.

"Umeamka saa sita!"

Darasa likalipuka. "Kalala mpaka mchana!" "Aa, sita ya usiku, kaamka na popo!"

"Hapana," Nukta alisema kwa sauti ya mbu. "Saa kumi na mbili asubuhi."

Mkaguzi akanyanyuka, akazikagua kadi. "Kumi na mbili iko kwenye inayoanza kwa nne na inayoanza kwa nane. Kadi hazina kasoro. Kosa la nani, basi?"

Mama Fagio aliiona chaki ikimponyoka. Magoti yake yalikuwa bado na vumbi la sala.

"La mtoto," alisema. "Namba zinampiga chenga."

"Darasa la tatu, namba zinampiga chenga? Arudi la pili." Mkaguzi akaandika.

Nukta alikusanya madaftari yake bila kulia. Mlangoni penseli ikamdondoka, Mama Fagio akainama kumwokotea.

"Mama, mbona umesema hivyo? Nilipoamka mshale mfupi ulikuwa kwenye sita. Si umesema nitafute namba yake?"

Mama Fagio akainua macho ukutani. Mdomo husema kumi na mbili, mshale huonyesha sita, na mtu mzima hugeuza bila kujua kwamba anageuza. Mtoto alikuwa amelitii swali neno kwa neno. Kadi zilisema kweli, na mtoto alisema kweli. Mwongo alikuwa mmoja tu darasani, na ndiye aliyeshika chaki.

Akarudi ndani na Nukta, akaeleza yote. Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikateleza. "Kweli bwana! Lakini nimeshaandika kwa wino. Niseme nini, kwamba mwalimu kamsingizia mwanafunzi?"

Mwalimu mkuu akamvuta Mama Fagio kando. "Mama, funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto atapanda tena mwakani. Nafasi hii hairudi."

"Andika hivyo hivyo, mzee," Mama Fagio alimwambia mkaguzi. "Nilimsingizia."

Mkaguzi akalikata jina la Mama Fagio kwa mstari mmoja. La Nukta aliliacha palepale, kwa wanaorudi la pili. "Mambo ya watoto nimeshayamaliza," alisema, akafunga daftari.

Mama Fagio akaweka chaki mezani, akamshika Nukta mkono.

"Mwanangu, nilikuuza ili nipate kazi, na kazi yenyewe nimeikosa. Mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mkaguzi, na mbele ya wenzako hawa, naahidi: kila jioni nitakufundisha hesabu za darasa la tatu, usipitwe hata na moja, mpaka wakurudishe hapa. Masomo yangu mimi yatangoja."